Timu yetu ya Paralimpiki hupunguzwa kabla haijapanda ndege

Mikono mitupu. Kwa maneno hayo mawili watu wengi hapa Kampala waliifunga hesabu ya Michezo ya Paralimpiki ya Paris, iliyomalizika tarehe 8 Septemba 2024. Mwezi mmoja kabla yake, katika jiji hilohilo, Joshua Cheptegei alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 10,000 na Peruth Chemutai fedha ya mita 3,000 za viunzi na maji, kwa hiyo mlinganisho ulikuja wenyewe: hawa wameleta, wale hawakuleta. Sasa Los Angeles 2028 imeanza kutajwa katika mazungumzo ya michezo, na hukumu ileile inarudishwa mezani kama ushahidi. Timu ya watu wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena bila medali, tuigharamie ya nini? Nadhani wanaouliza hivyo wanaangalia siku zisizohusika. Ukubwa wa timu ya Uganda hauamuliwi na vipaji tulivyo navyo, wala hauamuliwi katika zile siku 12 za mashindano. Huamuliwa miaka miwili au mitatu kabla, na nani alipata nauli ya kwenda kuainishwa na nani aliikosa.

Neno hilo, kuainishwa, ndilo linalokosekana katika mabishano yetu yote. Mkimbiaji wa Olimpiki akikimbia vizuri kwenye mashindano yanayotambuliwa, saa ikasoma vizuri, habari yake imeanza. Mwenzake wa Paralimpiki akikimbia vizuri vilevile, habari yake bado kabisa. Kwanza lazima jopo la waainishaji wa kimataifa limpime mwili au macho, limtazame akishindana, kisha limpe daraja: T11 kwa mkimbiaji asiyeona kabisa, T46 kwa mwenye ulemavu wa mkono, S9 kwa mwogeleaji wa aina fulani, na kadhalika. Bila daraja hilo muda wake hauingii kwenye orodha ya dunia, na asiye kwenye orodha hana kiwango cha kufuzu, hata kama amewapita wote waliomo. Wapo wanaosema kuna nafasi za mwaliko kwa nchi ndogo. Zipo, lakini nazo hupewa waliokwisha kuainishwa; mwaliko hauwezi kumfikia mtu ambaye kwenye vitabu vya mchezo bado hajazaliwa.

Halafu si kila ulemavu unaingia. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki inatambua aina 10: nane za mwili, moja ya uoni na moja ya akili. Viziwi hawamo; wao wana michezo yao ya Deaflympics, ambayo ilianzia Paris mwaka 1924, kabla mtu yeyote hajaota neno Paralimpiki. Mpira wa miguu wa waliokatwa mguu, ule wa magongo ambao mashabiki wa Tanzania waliufurahia Tembo Warriors walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, nao haumo. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini vijana aliowaona wakicheza kwa magongo hawakupelekwa Paris anauliza swali zuri mahali pasipo pake. Ni kama kumlaumu mcheza kriketi kwa kutofika mashindano ya tenisi ya Wimbledon.

Jopo la kuainisha lenyewe hukutana wapi? Kwa riadha, hukutana zaidi kwenye mashindano ya mzunguko wa dunia: Dubai, Tunis, Marrakech, Nottwil kule Uswisi. Mwanariadha wa Soroti au Mbarara anahitaji pasipoti, tiketi ya ndege yake na ya kocha, viza ambayo pengine lazima iombwe Nairobi, hoteli yenye mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, na bahasha ya vipimo vya daktari bingwa. Hiyo bahasha peke yake imewaangusha wengi. Nilimfahamu kijana mmoja mwenye uoni hafifu ambaye fomu yake ilirudishwa kwa kukosa kipimo cha upana wa uoni. Hospitali tuliyompeleka mashine ilikuwa mbovu, tukaambiwa turudi wiki ijayo, na wiki hiyo ijayo muda wa kuwasilisha ulikuwa umepita. Kijana huyo hakushindwa na Mmoroko wala Mbrazili. Alishindwa na taa ya mashine isiyowaka, na jina lake halimo katika hesabu yoyote ya "mikono mitupu".

Kwa wasioona kabisa kuna mzigo wa pili, nao ni binadamu. Mkimbiaji wa T11 hukimbia na mwongozaji waliofungwa naye kamba mkononi, na mwongozaji huyo lazima awe na kasi kuliko yeye, maana anakimbia huku akisema: kona, nyoosha, bado mita 100. Jirani zetu Wakenya wanakijua kisa cha Henry Wanyoike kule Sydney mwaka 2000. Mwongozaji wake alikuwa na malaria, akaishiwa nguvu katika mita 5,000, na katika mzunguko wa mwisho ikawa asiyeona ndiye anayemvuta anayeona hadi kwenye utepe. Kisa hicho husimuliwa kama muujiza wa moyo wa mtu mmoja, na kweli ni muujiza. Mimi hukisoma pia kama taarifa ya bajeti: kulikuwa na mwongozaji mmoja tu, hakuna wa akiba. Ukitaka kupeleka wakimbiaji wawili wasioona, unaandaa watu wanne wenye kasi, uwalishe na kuwafundisha mwaka mzima, wawili kati yao wakijulikana tu kama watu waliokuwa pembeni kwenye picha.

Sasa twende kwa anayesema: mbona Emong aliweza? Hoja hii ndiyo nyepesi kuliko zote zinazotolewa, ingawa ndiyo inayopendwa. Ni kweli David Emong alileta fedha ya mita 1,500 daraja T46 kutoka Rio mwaka 2016, akawa bingwa wa dunia London mwaka 2017, akaongeza shaba Tokyo. Ni kweli pia kwamba Husnah Kukundakwe aliogelea Tokyo akiwa na miaka 14, mwanamichezo mdogo kuliko wote kwa umri katika michezo ile nzima, kisha akarudi Paris. Lakini kuwatumia hawa kuthibitisha kwamba njia iko wazi ni sawa na kumwona mtu mmoja amevuka mto uliofurika ukatangaza kwamba daraja halihitajiki. Anayesema hivyo hajawahesabu waliobaki ng'ambo. Ukiitazama safari ya Husnah kwa karibu, nyuma yake unamkuta mama aliyegeuza hitaji la binti yake kuwa kazi ya maisha, akitafuta bwawa, kocha, mashindano na nauli. Tuwapongeze wote wawili. Ila mfumo unaotegemea mtoto awe na mama wa namna hiyo si mfumo. Ni bahati nasibu. Na Emong, kwa ulemavu wa mkono, yuko katika kundi ambalo gharama yake ni ndogo kuliko nyingi: hahitaji kiti cha mbio cha maelfu ya dola, wala mguu bandia wa kaboni, wala mwongozaji. Si ajabu kwamba medali zetu za miaka ya karibuni zimetoka hapo. Tumekuwa tukivuna pale tu ambapo shamba halikuhitaji mbolea.

Hoja nzito ni nyingine, na sitaki kuipita kwa kejeli. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta kwamba zaidi ya watu 12 katika kila 100 wenye umri wa miaka miwili na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Wengi wao hawana fimbo nyeupe, hawana magongo ya kuwatosha urefu, na watoto wao husomea shule ambazo vyoo vyake havifikiki. Kaskazini, vita vya miaka karibu 20 viliacha watu waliokatwa miguu na mabomu ya kutegwa ardhini, na hata baada ya Uganda kutangaza mwaka 2012 kwamba imeyasafisha, miguu ile haikuota upya. Siku hizi bodaboda zinaongeza idadi kila wikendi. Mtu akiniuliza kwa nini shilingi inunue tiketi ya Dubai badala ya mguu bandia wa mama wa Gulu, sina jibu la mkato, na simwamini mwenye nalo.

Ninachoweza kusema ni kwamba shilingi hizo mbili hazishindani kama tunavyodhani. Fedha za Paralimpiki hazitoki kwenye fungu la viungo bandia. Hutoka kwenye fungu la michezo, lile linalogharamia pia soka, na huko ndiko ushindani ulipo. Tena uainishaji ukifanywa vizuri si anasa ya wachache wanaosafiri. Ili umwainishe kijana mmoja lazima uwe na mtaalamu wa viungo anayejua kupima nguvu ya msuli, daktari wa macho mwenye mashine nzima, na kumbukumbu za hospitali zisizopotea. Vitu hivyo vitatu ndivyo anavyovihitaji pia mtoto wa shule ambaye hatakimbia mbio yoyote maishani mwake. Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo, katika ibara ya 30, unataja michezo waziwazi. Tuna wabunge watano wanaowakilisha watu wenye ulemavu, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Hatujapungukiwa sheria. Tumepungukiwa mtu wa kuuliza katika kikao cha bajeti: mwaka huu tumewaainisha wangapi?

Wapo pia wanaolalamika kwamba kila safari maofisa ni wengi kuliko wanamichezo. Hapa nusu yangu iko upande wao. Nusu nyingine inawakumbusha kwamba mwongozaji wa mkimbiaji asiyeona si mtalii, wala mtu wa kumsaidia mwogeleaji kutoka majini, wala fundi wa viti. Orodha ya majina ichapishwe na kazi ya kila mmoja iandikwe mbele yake. Hapo tutajua nani amebeba kamba na nani amebeba sanduku tupu la kurudishia manunuzi.

Je, kuna ushahidi kwamba mlango ukisogezwa karibu watu huingia? Upo, na hauko mbali. Kampala iliwahi kuandaa mashindano ya Afrika ya badminton ya watu wenye ulemavu, na pia mashindano ya kimataifa ya Uganda, yaliyorudi mara kwa mara pale Lugogo. Wahindi ambao leo ni majina makubwa duniani walikuja hapa kutafuta pointi, akiwemo Pramod Bhagat, aliyechukua dhahabu Tokyo mchezo huo ulipoingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Kwa mchezaji wa Uganda maana yake ilikuwa rahisi. Jopo la uainishaji lilimjia, wapinzani wa daraja la dunia walimjia, na pointi za orodha ya dunia zilipatikana kwa nauli ya taksi kutoka Bweyogerere. Ndiyo maana, katika nchi ambayo badminton si mchezo wa kila kijiji, tumepata kundi la wachezaji wenye madaraja yanayotambulika.

Msomaji makini atanisimamisha hapa, na ana haki: mbona hayo yote hayajazaa medali ya badminton? Hayajazaa. Kuainishwa ni kuingia uwanjani tu. Bado kuna makocha, chakula, viwanja vya ndani ambavyo Kampala inavyo vichache na miji mingine haina kabisa, na wapinzani ambao mchezo ndio ajira yao ya kila siku. Ningekuwa nauza dawa ya medali ningekuficha hilo. Ninachodai ni kidogo zaidi: bila mlango huo hata mjadala wa makocha na chakula hauna mtu wa kumhusu.

Rwanda wametuonyesha njia nyingine, nao ni majirani tunaopenda kushindana nao kwa kila kitu isipokuwa hiki. Walichagua mchezo mmoja, voliboli ya kukaa, upande wa wanawake. Vifaa vyake ni wavu, mpira na sakafu. Wakaandaa mashindano ya Afrika kwao Kigali, na timu hiyo ikafika Rio, Tokyo na Paris mfululizo. Angalia hesabu yake: kwa kufuzu mara moja, nchi ndogo kuliko yetu inapandisha ndege timu nzima ya wanawake, wakati sisi tunahangaika na jina mojamoja. Hawajaleta medali kutoka huko, na sijasikia Kigali ikiwaita watalii.

Kama nilivyosema ni kweli, basi kuna mambo tunayofanya kinyumenyume. Kubwa ni fedha. Waganda wanaijua ile posho ya kila mwezi ya wenye medali za kimataifa: milioni 5 kwa dhahabu, milioni 3 kwa fedha, milioni 1 kwa shaba. Siipingi. Lakini ni fedha inayofika baada ya kazi kwisha, kwa mtu ambaye tayari amepatikana. Katika Paralimpiki gharama yote nzito iko mwanzoni, kwenye bahasha ya daktari, viza na tiketi ya kwanza, pale ambapo hakuna kamera wala waziri. Baraza la Taifa la Michezo likitenga hata sehemu ndogo kwa ajili ya tiketi hiyo ya kwanza, bila kumwuliza kijana ana medali ngapi, timu ya 2028 itabadilika sura kabla kocha hajapuliza filimbi.

Jingine ni watu. Hospitali ya Mulago na vyuo vikuu vya Makerere, Mbarara na Kyambogo vina wataalamu wa viungo, macho na elimu ya mahitaji maalumu. Wachache wao wakipelekwa kusomea uainishaji, wanaweza kufanya mchujo wa awali hapa nyumbani, wamwambie kijana mapema kwamba ulemavu wake unaingia au hauingii, kabla familia haijauza ng'ombe. Pia kuna viwanja. Tunajenga na kukarabati kwa ajili ya AFCON 2027, Namboole na Hoima zikitajwa kila siku, na kila anayepita huko anasifia viti na taa. Sijasikia mjadala wa kutosha kuhusu nani ataingia humo kwa magurudumu, achilia mbali kushindana. Na kwa kuwa tumefika kwenye vifaa: kiti cha kutupia mkuki au tufe, kile anachofungiwa mtupaji asiyeweza kusimama, ni fremu ya chuma yenye vipimo vya kufuata. Mafundi wa Katwe, hapa Kampala, wanaochomelea mageti ya maua na vitanda vya hospitali wanaweza kukitengeneza kwa siku mbili, ukiwapa mchoro.

Yote haya yanaweza kusikika kama mambo ya 2028. Kwa kweli ni ya zamani. Sote tunajua kwamba mwaka 1972 John Akii-Bua alikimbia mita 400 za viunzi mjini Munich kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia. Wachache wanajua kwamba wiki chache kabla, Agosti ya mwaka huohuo, bendera ya Uganda ilikuwa Heidelberg, katika Ujerumani ileile, kwenye Paralimpiki yetu ya kwanza. Miaka minne baadaye Mganda asiyeona, Tofiri Kibuuka, alishindana kuteleza kwenye theluji huko Örnsköldsvik, Sweden, katika Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Kipaji kilikuwepo, na ujasiri ulizidi kiasi. Kilichokuwa Norway na hakikuwa hapa ni klabu, waongozaji, mashindano ya kila mwezi na mtu wa kulipa. Kibuuka alihamia huko, akachukua uraia, akageukia riadha na kupanda jukwaani Paralimpiki baada ya Paralimpiki. Ukifungua jedwali la medali leo ukamtafuta kwenye mstari wa Uganda, humkuti. Medali zake zimeandikwa kwenye mstari wa Norway.